Kompyuta 14 za intaneti kafe, na mwenye nyumba anataka stoo yake

Swali: "Habari za kazi mwanangu. Nina steshenari hapa Moshi, si mbali na stendi. Zamani, kabla watu hawajawa na intaneti kwenye simu, palikuwa intaneti kafe, na mpaka leo stoo kuna CPU 14, monita 11 za kichogo na tatu za bapa, UPS sita na gunia la nyaya. Mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi ujao. Vijana wa vyuma chakavu wako tayari kuja na mzani wabebe zote kwa kilo. Fundi mmoja ananiambia nisiuze, ndani kuna dhahabu. Mume wangu anasema tuzipeleke nyumbani Kibosho, tuna shimo la taka nyuma ya migomba. Mimi moyo wangu unaniambia nizipe shule. Nifuate lipi?" Msomaji, Moshi.

Shikamoo mama.

Kwa kweli hakuna hata mmoja kati yenu ninayemkubalia moja kwa moja, ingawa ni mzee wako tu ninayemkatalia kabisa. Kompyuta ikiwa mezani ni kitu kimoja. Ikifa inakuwa vitu saba au nane, kila kimoja na mnunuzi wake, na vingine havina mnunuzi duniani. Kijana wa mzani anataka chuma na shaba. Yale mengine anayabeba kwa sababu yameshikana na anachokitaka, na akishapata chake yataishia mtaroni au pembeni ya uwanja fulani huko Pasua. Kwa hiyo swali la nani azichukue linasubiri. Kwanza zifunguliwe.

Na kabla hata ya kuzifungua vizuri, kuna kitu kimoja kinachotoka mapema na kubaki mikononi mwako: hadi diski (hard disk), kile kiboksi bapa cha chuma kinachohifadhi mafaili.

Nikueleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 2009, hapa Arusha, nilisafisha karakana nikampa kijana wa mkokoteni CPU sita za ofisi moja iliyokuwa imeniachia nizitupe. Nilikuwa nimezifuta, au niliamini hivyo: nilichagua mafaili yote, nikabonyeza kufuta, nikamwaga na pipa la taka la Windows. Miezi miwili baadaye akanipigia fundi mwenzangu anacheka. Amenunua diski ya mtumba, ameirudishia mafaili kwa programu ya bure, na mbele yake kuna orodha ya mishahara ya ofisi nzima, jina na kiasi. Mimi sikucheka. Nilipanda daladala siku hiyo hiyo kwenda kuinunua tena.

Ukifuta faili, kompyuta haiondoi maandishi yenyewe. Inafuta tu mstari kwenye orodha unaosema faili liko wapi, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo. Sasa fikiria kafe yako. Watu waliskani pasipoti pale, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mikopo, barua za kuomba kazi. Wengine waliacha nywila zao za Yahoo zimehifadhiwa kwenye kivinjari na hawakurudi tena. Wengi wao bado wako mjini hapa, na wengine ni wateja wako hadi leo. Tangu Mei 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na nisingependa uwe mfano wa kufundishia.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Toa diski kwa bisibisi ya nyota, skurubu nne tu. Zako nyingi zitakuwa za aina ya zamani yenye tundu la pini 40 na mkanda mpana wa nyaya, kwa hiyo mtafute fundi mwenye adapta ya kuichomeka kwenye kompyuta mpya kupitia USB. Ikishasomeka, ifomati, lakini ondoa ile alama ya vema kwenye kisanduku kilichoandikwa "Quick Format". Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri diski nzima. Diski ya GB 80 itamaliza ndani ya saa moja, pengine na nusu, nawe unaendelea kutoa fotokopi. Habari za kufuta mara saba ni za enzi nyingine. Kwa diski za miaka hii 20 na zaidi, kuandika juu mara moja kunatosha. Ila hakikisha umefomati diski nzima, kwa maana mafundi wetu walikuwa na kawaida ya kuigawa sehemu mbili, C na D, na watu husafisha C wakasahau D iliyojaa picha za pasipoti.

Isiyosomeka itobolewe. Dreli, matundu matatu yapite hadi kwenye sahani zenyewe, na miwani usoni. Kama ni diski ndogo ya laptop, uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi zina sahani za kioo na zinapasuka vipande vipande. Kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji hakusaidii. Kuipitishia sumaku ya spika nayo ni hadithi ya vijiweni. Ndani ya diski yenyewe kuna sumaku kali kuliko hiyo na imeishi nayo miaka yote.

Sasa tuzungumzie shule. Nia yako ni njema, lakini nimeona vyumba vya kompyuta vya misaada ambavyo ni makaburi, na mwalimu hana pa kuzitupa. Ukimpa mkuu wa shule Pentium 4 ya enzi zile umemhamishia stoo yako. Ipime hivi: mashine ambayo ungekubali binti wa steshenari yako aitumie kutwa nzima, hiyo ndiyo ya kupeleka shule. Iwe na prosesa ya Core 2 Duo au ya baadaye, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na iwake bila kupigwa kofi. Usijisumbue kuiwekea Windows. Windows 10 yenyewe Microsoft iliisitishia huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine za umri huo. Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, inawekwa bure, na mtoto anajifunza kuchapa na kupiga hesabu kwenye jedwali bila shida. Kwa umri wa kafe yako sitashangaa zikipatikana mbili au tatu za namna hiyo, au isipatikane hata moja.

Kuna na hesabu ya umeme wa LUKU ambayo wafadhili huwa hawaipigi. CPU ya Pentium 4 pamoja na monita ya kichogo hula wati 150 au zaidi. Ziwashe saa nane kwa siku 26 za mwezi, umemaliza uniti 31 kwa mashine moja. Laptop ya kawaida ya mtumba, kwa wati 30 hivi, inatumia uniti sita na ushee kwa muda ule ule. Shule yenye mashine kumi za namna yako italipa umeme wa kununua laptop.

Njia nyingine ya heshima: ongea na walimu wa umeme na kompyuta pale VETA. Mashine mbovu ni nzuri kwa mwanafunzi anayejifunza kufungua na kufunga. Uliza kwanza, wakitaka mbili, peleka mbili.

Hizo nyingine zinafunguliwa. Fanya nje, kivulini, si ndani ya stoo, maana vumbi la CPU ya kafe ya karibu na stendi ni kitu cha kukohoa wiki nzima, na mende hawakosekani. Ganda la chuma: hilo ndilo la kijana wa mzani, mpe kwa amani. Kipande cha alumini kinachokaa juu ya prosesa kina bei yake tofauti na chuma, usikubali kipimwe pamoja. Ile paua saplai, kiboksi chenye feni ambako waya wa umeme unachomekwa, itolewe nzima na isifunguliwe. Ndani yake kuna kapasita zinazobeba volti 300 na ushee mashine ikiwa inafanya kazi, na chaji huweza kubaki baada ya kuchomoa. Kwenye madabodi, ile bodi kubwa ya ndani, kuna betri ndogo ya duara kama kitufe cha koti. Izibe pande zote mbili kwa selotepu, najua kwako haipungui, na iwekwe mbali na watoto kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kumuunguza ndani ya saa mbili.

Tumefika kwenye dhahabu ya fundi. Sisi wa Kaskazini tukisikia neno madini akili inaruka Mirerani kwenye tanzanite. Fundi hakudanganya, dhahabu ipo: imepakwa kwenye meno ya RAM, kwenye pini za prosesa, ndani ya chipu. Tani moja ya bodi za kompyuta inaweza kubeba dhahabu ya gramu 200 na kitu, wakati mwamba wa mgodini mara nyingi hutoa gramu chache tu kwa tani. Ndiyo maana kuna viwanda nje ya nchi vinavyonunua bodi kwa makontena. Lakini wewe huna tani. Una madabodi 14, tuseme kilo kumi. Hiyo ni dhahabu ya gramu mbili hivi, iliyosambazwa kwa unene ambao jicho halioni. Kuipata unahitaji asidi za kuyeyusha chuma, na moshi wake hauchagui kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Atakayejaribu uani kwake atapata mapafu mabovu, na ile asidi yenye shaba na metali ya risasi ndani yake ataimwaga wapi? Kwa hiyo: usizichome, usimruhusu mtu aziloweke, ziuze zikiwa bodi nzima. Kuna wanunuzi wa bodi peke yake, wanazikusanya na kuzipeleka Dar es Salaam, na wanalipa vizuri kuliko bei ya chuma kwa kilo. RAM na prosesa zitenge, zina bei ya juu zaidi.

Nyaya nazo. Najua kitakachotokea ukimpa mtu gunia lile: ataliwasha moto jioni, plastiki iungue, shaba ibaki. Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC, na ikiungua kwa moto mdogo wa wazi hutoa dioksini, sumu inayotua ardhini na kukaa. Pale Agbogbloshie, Accra, ambako vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi, watafiti walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa eneo lile wakakuta dioksini nyingi kupita viwango vya usalama kwa mbali sana. Kuku anadonoa, mtoto anakula yai. Mwambie anayenunua azichune kwa kisu. Ni kazi ya siku moja, na shaba safi inayong'aa hununuliwa kwa bei nzuri kuliko shaba nyeusi ya motoni. Hiyo hoja ya bei huwa inasikika haraka kuliko ya mapafu.

UPS sita, vile viboksi vya betri vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ndizo zitakazokupa pesa bila maneno. Betri ya ndani ni ya risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari, na wanunuzi wa betri chakavu za magari wanazijua. Ziende zikiwa nzima, zimesimama, asidi ikiwa ndani. Yeyote anayetaka kumwaga asidi kwanza ili "zipungue uzito wa kubeba", au anayeyeyusha risasi kwenye sufuria nyumbani, usimuuzie. Risasi ninayosema hapa ni ile metali laini ya kijivu, siyo ya bunduki tu. Ikiingia kwa mtoto inagusa ubongo, na hairudishi ilichochukua.

Na hapo ndipo nakutana na mzee na shimo lake la Kibosho, pamoja na zile monita 11 za kichogo, ambazo ndizo mzigo wako hasa. Kioo cha nyuma cha monita hizo, kile chenye umbo la faneli, kimechanganywa na risasi kwa makusudi ili kuzuia mionzi. Kati ya moja ya tano na robo ya uzito wa kioo hicho ni oksidi ya risasi, na monita moja inaweza kubeba kilo nzima ya risasi au zaidi. Kumi na moja je? Kuzifukia nyuma ya migomba, kwenye mteremko wenye mifongo, mifereji iliyochimbwa na babu zetu kushusha maji kihamba kwa kihamba, ni kuwapa majirani wote wa chini kitu wasichokiomba. Mito ya upande wetu inashuka hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini. Mwambie mzee, kwa heshima zote, shimo lile libaki la maganda ya ndizi.

Mtaani monita za kichogo zinavunjwa kwa ajili ya koili ya shaba iliyo shingoni. Kioo kinaachwa. Kuzivunja ni hatari kwa njia mbili: ndani hakuna hewa, hivyo kioo kikipasuka kinajirusha ndani kisha nje kwa nguvu, na mashine hiyo hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000 ambazo nyingine hubaki kwenye kioo baada ya kuzimwa. Mimi nimewahi kurushwa na monita iliyokuwa imechomolewa tangu juzi yake, na ninajiita mtaalamu. Zile tatu za bapa, kama ni nene nene za kabla ya mwaka 2010 hivi, nyuma ya kioo zina taa nyembamba zenye zebaki kidogo. Zikiwaka, uza au tumia. Zisipowaka, zisipasuliwe, ziungane na za kichogo.

Kwa monita hizo sitakuficha: hakuna atakayekulipa, na huenda wewe ndiye utakayelipa. Kioo cha risasi hakina soko siku hizi kwa kuwa hakuna anayetengeneza monita za aina hiyo. Gari la taka la manispaa nalo siyo njia, kwa sababu mwisho wake ni dampo, na pale kuna watu wanaookota kwa mikono mitupu. Andika barua au piga hodi ofisi ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, Kanda ya Kaskazini, iko hapa Arusha, uombe majina ya wenye kibali cha kukusanya taka za elektroniki. Nchi ina kanuni mahsusi za taka hizi tangu mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kibali ni karatasi unayoweza kuomba kuonyeshwa. Mtu akikuambia "kibali kipo ofisini, nitakutumia WhatsApp", mngoje akutumie ndipo mzigo utoke. Mzigo ukitoka, dai hati yenye idadi na aina ya vilivyochukuliwa, tarehe na muhuri.

Wengi wa wenye vibali wako Dar es Salaam, na hakuna atakayepandisha gari hadi Moshi kwa monita 14. Hili lina jibu, na jibu ni majirani zako. Si wewe peke yako mwenye stoo ya namna hii. Duniani, mwaka 2022 peke yake, zilizalishwa tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Hapo Moshi zunguka tu uulize: steshenari zenzako zilizokuwa kafe, shule binafsi, parokia, hoteli za watalii wa mlima, zahanati. Kila mmoja ana tatu au tano zilizofunikwa na shuka. Mkifika mzigo wa Fuso moja, mna la kuzungumza na mtu wa Dar, na gharama inagawanyika. Wakati mnakusanyana, zihifadhi mahali pakavu penye paa, kioo kikiangalia ukuta, zisipangwe zaidi ya mbili kwenda juu. Ukishatoa CPU, nyaya na UPS, zilizobaki zitakaa kwenye kona ya ukumbi wa kanisa au kwa jirani mwenye gereji, na mwenye nyumba atapata chumba chake kwa tarehe aliyosema.

Kuna jambo hukuniuliza, ila umesema una steshenari. Ile mashine kubwa ya fotokopi, ya kusimama sakafuni, inayoskani na kuprinti, nyingi za aina hiyo zina hadi diski ndani kama kompyuta, na picha za kurasa zilizopita juu ya kioo huweza kubaki humo. Kila kitambulisho cha NIDA ulichokitolea kopi. Siku utakapoibadilisha, au fundi atakapokuambia anaichukua kama sehemu ya malipo ya mpya, mwambie akuonyeshe kwanza kama diski ipo, na akukabidhi mkononi ikiwa imetolewa. Ikiwa hajui ilipo, tafuta fundi mwingine.